Usichome mpaka jivu: mkaa wa jiko na mkaa wa shamba kutoka kwenye masalia ya pamba

Mwezi wa nane ukiingia, ukipita jioni kati ya Shinyanga na Bariadi utaona moshi ukipanda kila upande. Ni masalia ya pamba yanachomwa. Kila mkulima wa pamba anatakiwa ang'oe miti na kuichoma, na amri hiyo ina maana yake: funza wa waridi (pink bollworm) hujificha ndani ya vitumba vilivyokauka, akisubiri mvua na maua ya msimu mpya. Ukiacha miti imesimama, unamfuga. Kwa hiyo kuchoma tutachoma. Kinachoniuma ni kwamba tunachoma mpaka jivu, upepo unalipeperusha kabla ya mvua ya kwanza, na wiki hiyo hiyo mama wa nyumba anachukua panga na kamba kwenda kutafuta kuni mbali.

Na kwetu kuni si jambo dogo. Misitu ya Usukuma ilifyekwa kwa miaka mingi, sehemu kwa kumfukuza mbung'o, sehemu kwa kupanua mashamba ya pamba yenyewe, mpaka Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha miti kwa kufufua ngitili, yale malisho ya akiba waliyokuwa wakiyatunza wazee. Gunia la mkaa uliotokana na miti ya pamba ni gunia ambalo halikutoka kwenye ngitili.

Mwongozo huu wa kutengeneza mkaa wa kupikia na mkaa wa kuchanganya na udongo wa shamba ni wa kazi ya kijijini: sepetu, ndoo, pipa, na siku mbili tatu za nguvu. Nimeuandika kwa kutumia miti ya pamba kwa sababu ndiyo iliyojaa kwetu, lakini njia ni ile ile kwa magunzi ya mahindi, mabua ya mbaazi, matawi ya mibuni yaliyopogolewa, na kwa ndugu zetu wa pwani, vifuu vya nazi.

Moto unavyofanya kazi

Ukiwasha bua kavu, kwanza linatoa maji yaliyobaki ndani. Kisha joto linalipasua na kutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayowaka kwa ndimi. Gesi ikiisha, kinachobaki ni kaboni tupu, ule mkaa unaong'aa mwekundu bila ndimi. Ukiuacha hapo na hewa, nao unaungua mpaka jivu.

Moto wa shambani unapita hatua zote tatu. Sisi tunausimamisha mwisho wa hatua ya pili. Kazi yote ya mwongozo huu iko hapo: kujua ni dakika gani uuzime.

Jambo la pili ni moshi. Moshi ni gesi ile ile iliyokosa kuungua. Tanuri la kienyeji la kufukiwa udongo linatoa moshi siku nzima na zaidi, ndiyo maana mchoma mkaa anakohoa na macho yake ni mekundu. Katika shimo la wazi linalowashwa kwa juu, ndimi zinakaa juu kama blanketi. Gesi inayopanda kutoka chini inapita ndani yake na kuungua, na hewa inayotaka kushuka inaliwa na ndimi hizo kabla ya kuufikia mkaa ulio chini. Watu wa taasisi ya Ithaka ya Uswisi waliitengeneza njia hii kwa chombo cha chuma chenye umbo la faneli wakakiita Kon-Tiki, mwaka 2014. Shimo la udongo lenye umbo hilo hilo linafanya kazi ile ile, na halina gharama ila jasho.

Amua kwanza: jikoni au shambani

Usichanganye kila kitu halafu uanze kufikiri baadaye. Kinachoamua ni jivu. Mabaki yenye jivu kidogo yanafaa jikoni, yenye jivu jingi yanafaa shambani.

Vifuu vya nazi ni mfalme wa jikoni. Jivu lake ni kidogo sana na mkaa wake ni mgumu. Magunzi yanafuata kwa ubora, na bahati nzuri kila nyumba inayopukuchua mahindi inayo. Mabua ya mbaazi, yale manene kama kidole gumba, hutoa mkaa mzuri pia. Miti ya pamba iko katikati, nami huigawa: shina na mizizi minene naweka upande wa jiko, vijiti vyembamba na vitumba upande wa shamba. Maganda ya mpunga yana jivu kubwa, kati ya asilimia 15 na 20 yakiwa bado mabichi ya mashine, hivyo hata ukiyafanya mkaa mbadala, yaani wa vumbi lililofinyangwa, utapika kwa shida na kumwaga jivu ndoo kwa ndoo. Hayo ni ya shamba, na yana njia yake ambayo nitaieleza mwishoni.

Vipo vya kuacha kabisa. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake ni mbaya. Hayafai kwa shimo la nyumbani. Majani ya migomba na majani mabichi peleka kwenye mboji. Mabua ya mahindi yanayoliwa na ng'ombe waachie ng'ombe. Tena usikombe shamba lote likabaki kipara, maana udongo nao unahitaji kufunikwa. Na chupa za dawa ya pamba, mifuko ya viuatilifu, mbao zenye rangi, plastiki: hata kimoja kisiingie shimoni. Sumu yake utaila kwenye mchicha.

Kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Miti iliyong'olewa leo ina maji mengi, na ukiichoma hivyo utapata moshi mzito na mkaa wenye utomvu. Isimamishe kwa mafungu, mizizi juu ili udongo udondoke, uiache juani wiki mbili hadi tatu. Jua letu la Agosti linatosha. Ila usisahau tarehe ya mwisho ya kuchoma iliyotangazwa wilayani kwako. Panga kazi yako ndani yake.

Kipimo ni mkono. Vunja shina nene kuliko yote kwenye fungu. Likikatika kwa mlio mkavu, pah, tayari. Likipinda kwanza ndipo likatike, ongeza siku.

Kung'uta udongo kwenye mizizi. Udongo ukiingia kwenye mkaa unakuwa jivu ambalo hulikutaka.

Kuchimba shimo

Chagua mahali palipo wazi, mbali na nyumba za nyasi, maghala na ngitili. Fyeka na kwangua nyasi kwa mita 5 au zaidi kuzunguka pande zote. Mwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla ya kuwasha. Msimu wa kiangazi watu wana haki ya kushtuka wakiona ndimi.

Chimba shimo la duara, upana wa mita moja na nusu juu, nusu mita chini, kina sentimita 70. Kuta ziteremke mshazari kama faneli. Ukichimba lenye kuta za wima kama kisima, hewa itazunguka vibaya na pembeni patabaki vijiti visivyoiva. Udongo uliochimbwa urundike karibu, kwa sababu utauhitaji wakati wa kuzima. Gonga kuta kwa mgongo wa sepetu zishikane. Shimo moja kwa vipimo hivi linabeba kama lita 600, na ukilitunza linatumika msimu mzima.

Kabla ya njiti ya kwanza kuwashwa, maji yawe yameshafika. Weka mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa. Maji ya bwawa au ya lambo yanafaa, hata machafu.

Kuwasha na kulisha

Anza asubuhi mapema. Mchana wa kiangazi upepo wetu ni mkali, na upepo unavuruga blanketi la ndimi.

Chini ya shimo jenga kichanja kidogo cha vijiti vikavu, viwili hivi na viwili vile, mpaka kifike karibu na mdomo wa shimo. Kileleni weka nyasi kavu au majani ya pamba, kisha washa hapo juu. Najua mkono wako utataka kuwasha chini kama tulivyozoea mafigani, lakini ukiwasha chini gesi inapanda kabla ndimi hazijawa juu, na utafukuzwa na moshi dakika ya kwanza. Ukiwasha juu, moto unashuka wenyewe na moshi unaungua njiani.

Kichanja kikianguka na kuwa makaa, yatandaze chini ya shimo. Sasa anza kulisha: tabaka jembamba la miti iliyokatwa urefu wa mkono, iliyotandazwa sawa. Ngoja. Ndimi zitapanda, zitatulia, halafu utaona ngozi nyeupe ya jivu ikianza kujitokeza juu ya vijiti. Hiyo ndiyo ishara. Tabaka hilo limemaliza gesi na linaanza kuliwa, kwa hiyo lifunike na tabaka jipya mara moja. Rudia hivyo mpaka shimo lijae.

Moto utakwambia unachokosea. Moshi mwingi maana yake umetupia miti mingi mno kwa mara moja, au ni mibichi. Simama, acha ndimi zirudi. Jivu jeupe likienea juu yote, umechelewa, na mkaa unaliwa. Miti minene itangulie chini ili ikae motoni muda mrefu, vijiti vyembamba vimalizie juu. Vitumba vilivyobaki navyo vitupie humo humo; joto la shimo hupita nyuzi 500, na hakuna funza atakayetoka.

Kazi hii inachukua saa mbili hadi nne kwa shimo zima na haitaki mtu anayetokatoka. Wawe wawili: mmoja analisha, mwingine anakata na kusogeza. Vaeni viatu vya kufunika mguu na nguo za pamba. Nailoni ikirukiwa na cheche inaganda mwilini. Watoto wakae mbali kabisa.

Kuzima

Tabaka la mwisho likipoteza ndimi na ngozi nyeupe ikitokea, mwaga maji. Anza pembeni ukizunguka kuelekea katikati, taratibu, ukijihadhari na mvuke, maana unaunguza kama moto wenyewe. Geuza kwa sepetu na umwage tena mpaka usisikie mlio wa kuchemka mahali popote.

Kama maji ni ya shida, funika kwa udongo uliorundika, kimo cha kiganja kizima, ushindilie bila kuacha tundu, na uache siku mbili. Utapoteza mkaa kidogo kuwa jivu na mkaa utachanganyika na udongo, kwa hiyo njia hiyo ni ya mkaa wa shamba tu.

Kuna kosa nililifanya mwaka wa kwanza ambalo nisingependa lifanywe na mtu mwingine. Nilimwaga maji juu nikaona pamekuwa peusi na baridi, nikajaza magunia matatu jioni na kuyaegemeza kwenye ukuta wa banda la mbuzi. Usiku wa manane gunia moja lilikuwa linawaka. Kaa moja lililobaki hai katikati lilitosha. Tuliokoa mbuzi, banda lilienda. Tangu hapo mkaa wangu nautandaza chini palipo wazi, wembamba wa kiganja, na ninalala usiku mmoja kabla ya kuugusa. Asubuhi ninatia mkono ndani, na mkono ndio unaoamua kama utaingia gunia.

Kupima mkaa

Chukua kipande, kisugue viganjani, kisha nawa kwa maji matupu. Weusi ukitoka wote, mkaa umeiva. Ukibaki utelezi kama wa mafuta unaotaka sabuni, ndani bado kuna utomvu. Mkaa wa namna hiyo utatoa moshi jikoni na unaweza kudumaza mbegu shambani. Urudishe kwenye shimo linalofuata. Kipande kilichoiva hulia kama kigae ukikidondosha juu ya jiwe, na kikivunjika ni cheusi mpaka kiini.

Katika kilo 100 za miti mikavu tarajia kilo 20 za mkaa, 25 ukiwa na mkono mzuri. Mwanzoni utapata chini ya hapo.

Mkaa wa jiko

Mkaa wa miti ya pamba ni mwepesi na unavunjika, hivyo ukiutia jikoni hivi hivi unawaka haraka na kuisha haraka. Unapaswa kusagwa na kufinyangwa upya: huu ndio mkaa mbadala ambao sasa unatafutwa na shule na magereza, tangu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipoagizwa kuacha kuni na mkaa wa miti mwanzoni mwa mwaka 2024. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, na kijiji chenye pamba kina malighafi mikononi.

Tia mkaa mkavu kwenye kiroba, funga mdomo, upige kwa mchi juu ya ardhi ngumu. Kiroba kinazuia vumbi, lakini funga kitambaa puani hata hivyo. Chekecha kwa chekecheke ya unga usio laini. Chenga zilizobaki rudisha kirobani.

Kishikio ni uji. Kwa kilo 20 za vumbi, kilo 1 ya unga wa muhogo; unga wa udaga unafaa sana. Koroga unga kwenye lita 2 za maji baridi mpaka usiwe na madonge, mimina kwenye lita 5 zinazochemka, endelea kukoroga mpaka weupe ukatike na uji uvutike kama gundi. Uji usioiva haushiki chochote, na watu wengi wanaolalamika kwamba mkaa wao unameguka wamekosea hapo tu. Umimine ukiwa wa moto juu ya vumbi na ukande kama unga wa chapati, ukiongeza maji kikombe kwa kikombe. Finyanga donge ngumini: likishika bila kutoa maji kati ya vidole, limefika. Kama unga wa muhogo ni chakula cha watoto na haupo wa kutosha, tumia udongo wa kichuguu uliolowekwa, kilo 2 hadi 3 kwa vumbi lile lile. Mkaa wa udongo unawaka polepole na jivu lake ni jingi zaidi. Kwa kupika maharage sioni ubaya wake, nami nautumia.

Kufinyanga, kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 na mti uliochongwa kuingia ndani yake kama mchi vinatosha. Jaza, shindilia kwa nguvu, sukuma nje. Aliye na mashine ya mkono atafanya mara kumi zaidi, lakini usikope fedha ya mashine kabla hujapika mwezi mmoja kwa mkaa wako mwenyewe na majirani hawajarudi kuuliza.

Siku ya kwanza anika kivulini. Ukianika juani moja kwa moja, nje unakauka na kupasuka huku ndani ni mbichi. Kisha siku tatu hadi nne za jua, ukigeuza. Dondosha kimoja kutoka kimo cha kiuno: kikibaki kizima, weka akiba mahali pakavu.

Sasa neno la uhai na kifo. Mkaa wowote, hata huu usio na moshi, unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Washa nje mpaka ushike wekundu, pika penye madirisha wazi, na usiku wa baridi usithubutu kuingiza jiko la mkaa chumbani mnapolala. Kutokuwepo kwa moshi kunawadanganya watu kwamba hakuna hatari.

Jiko la makopo mawili

Kuna njia ya mkato: kupikia magunzi moja kwa moja na kubaki na mkaa. Chukua kopo la bati la lita 4 lisilopakwa zinki, ulichome tupu nje kwanza liondoke rangi. Toboa kitako matundu kama 25 kwa msumari, na safu ya matundu kuzunguka chini kidogo ya mdomo. Liweke ndani ya kopo kubwa zaidi lenye matundu ya hewa upande wa chini, uzibe nafasi ya juu kati ya makopo kwa ukanda wa bati. Jaza magunzi makavu yaliyokatwa mafupi, washa kwa juu. Hewa ya chini inafukuza gesi, hewa iliyopata joto katikati ya makopo inatokea matundu ya juu na kuichoma, na sufuria inapata ndimi safi kwa dakika 40 hivi. Ndimi zikikatika, usiache makaa yaungue: yamimine kwenye chungu chenye mfuniko.

Majiko ya aina hii yalitumika kaskazini mwa Uganda miaka ya 1990, kati ya wakimbizi, ambako Mnorwe Paal Wendelbo alilipa lake jina la Kiacholi Peko Pe, yaani hakuna shida. Kwa familia ya watu wanne kopo moja linaivisha ugali na mboga. Kwa maharage utalijaza zaidi ya mara moja, na hilo linachosha.

Mkaa wa shamba

Wataalamu wanauita bayocha. Katika bonde la Amazon kuna udongo mweusi uliotengenezwa na watu kwa mkaa, mifupa na mabaki ya chakula zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo wakulima wanautafuta. Mkaa hauozi kama samadi. Unakaa ardhini kwa mamia ya miaka, na matundu yake madogo yanashika maji na virutubisho ambavyo kwenye mchanga vingezama.

Lakini mkaa wenyewe si mbolea, na ukiwa mpya una njaa. Mwaka wangu wa kwanza niliumwaga mkavu kwenye nusu ekari ya mahindi siku ya kupanda. Mahindi yakaota vizuri kisha yakageuka manjano kuanzia majani ya chini, huku ya jirani, upande wa pili wa tuta, ni ya kijani. Mkaa ulikuwa unanyonya naitrojeni iliyokuwa ya mimea. Kabla ya kwenda shambani lazima ushibe.

Namna ya kuushibisha kwetu ni rahisi kwa sababu tuna ng'ombe. Ponda mkaa upate chenga za ukubwa wa punje ya mahindi kushuka chini. Usisage uwe vumbi. Umwage zizini, debe mbili tatu kila wiki, mahali ng'ombe wanapolala. Mkaa unakunywa mkojo ambao kwa kawaida unapotea ardhini na kwenye hewa, kwato zinauchanganya na samadi, na hata harufu ya zizi inapungua. Banda la kuku linafaa vile vile. Asiye na mifugo achanganye ndoo 1 ya mkaa na ndoo 2 za samadi au mboji, amwagie mkojo uliochanganywa na maji, afunike kwa nyasi na ageuze kila wiki. Wiki nne zinatosha. Ukichoma Agosti na Septemba, ukashibisha Oktoba, mvua za Novemba zinakukuta tayari.

Sasa uangalie udongo. Mkaa una tabia ya majivu, unapunguza uchachu. Kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko uliochoka na kuchachuka, ndipo unapofaa kuliko popote. Mbuga nyeusi zenye vijiwe vya chokaa usipeleke. Tayari zimeelemea upande huo na zina uwezo wa kushika maji bila msaada wako. Ibambasi, ule udongo mgumu wenye magadi, pia iache.

Usiutawanye shamba zima. Weka kwenye shimo la mbegu. Kwa mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000. Kopo la nusu lita la mchanganyiko kwa kila shimo ni lita 4,500 kwa ekari, ambazo ndani yake mkaa ni lita 1,500. Shimo letu la kuchomea likijaa, baada ya kupondwa unabaki na lita 370 hadi 400. Maana yake: shimo moja la moto, robo ekari. Ekari nzima ni mashimo manne na karibu tani mbili za miti mikavu. Ndiyo maana ninamwambia kila anayeniuliza aanze na robo ekari, iliyo karibu na nyumba, na mwaka unaofuata asogee robo nyingine. Ya kwanza haihitaji kurudiwa mkaa. Samadi na mbolea yako ya kawaida endelea nazo.

Changanya kopo hilo na udongo ndani ya shimo, funika kwa vidole viwili vya udongo mtupu, ndipo uweke mbegu.

Maganda ya mpunga

Ukiyatupa kwenye shimo la wazi yanajibana na kuzima moto. Tafuta debe, litoboe matundu mengi pande zote, lifungie bomba la bati la kimo cha mtu juu yake. Washa moto mdogo wa vijiti, ufunike kwa debe hilo, kisha rundika maganda kulizunguka pande zote. Weusi utaanzia ndani na kutambaa nje polepole kwa saa kadhaa. Ukiona madoa meusi yamefika nje, geuza kwa sepetu ili yote yaive sawa, na weusi ukienea mwaga maji mara moja bila kungoja yawe kijivu. Jivu jeupe la maganda likikauka ni vumbi baya kwa mapafu. Mkaa wake ni laini, hauhitaji kupondwa, na kwa kitalu cha nyanya au miche ya miti hakuna ninachokipenda zaidi: sehemu 1 ya mkaa ulioshiba, 1 ya samadi iliyoiva, 2 za udongo.

Acha mistari miwili ya mahindi bila mkaa katikati ya robo ekari yako, uipigie vigingi mwanzo na mwisho. Wakati wa kuvuna pima mistari hiyo peke yake, na miwili ya jirani yake peke yake, kwa mizani ile ile, mahindi yakiwa yamepukuchuliwa na kukauka. Andika uzito kwenye daftari pamoja na tarehe ya kupanda, maana Agosti ijayo ukisimama tena mbele ya fungu la miti ya pamba, daftari hilo ndilo litakalokuambia uchimbe shimo moja au manne.